Mama Akisema Ameridhika, Muulize Akiwa Wapi

Nimeletewa tena ripoti ileile: akina mama waliohojiwa kituo cha afya hapa Uganda "wameridhika sana" na huduma ya kujifungua, kwa hiyo malalamiko ya mitaani ni porojo. Jamani! Kabla ya kugusa majedwali, fungua ukurasa wa mbinu utafute mambo mawili: mama alihojiwa wapi, na muda gani baada ya kujifungua. Mara nyingi utakuta ni kwenye benchi la nje ya wodi, siku ya kuruhusiwa, na mhojaji amevalishwa koti jeupe.

Sasa mtazame huyo mama. Fomu yake ya kuruhusiwa bado iko kwa musawo, yaani mhudumu wa afya. Chanjo za wiki 6 atazifuata hapohapo, na mimba ijayo ataileta hapohapo. Mtoto yuko hai, yeye yuko hai. Anakuja mgeni na karatasi: "Umeridhika kiasi gani, 1 hadi 5?" Wewe ungesema ngapi?

Hili limeshapimwa. Kule Tanga, Tanzania, mtafiti Margaret Kruk na wenzake waliwahoji akina mama wakitoka kituoni, kisha wakawafuata baadhi yao majumbani wiki 5 hadi 10 baadaye. Mlangoni, kama asilimia 19 walitaja angalau tendo moja la kudhalilishwa au kunyanyaswa. Nyumbani ikawa asilimia 28.

Kwa hiyo hoji nyumbani. Majina yatoe kwenye rejista ya wodi ya wazazi. Ukimwomba mkuu wa kituo akuchagulie, atakuletea wanaomsifu. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, lazima umpitie, lakini akikuongoza nyumba kwa nyumba utamaliza ukoo wake. Waliojifungulia nyumbani au njiani hawamo kwenye rejista, basi wasakwe kupitia VHT, wahudumu wa afya wa kujitolea kijijini. Mama wa miaka 16 anaweza kutoa ridhaa mwenyewe kwa miongozo ya UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia, kwa kuwa tayari ana mtoto, mradi kamati ya maadili imepitisha utaratibu huo. Mama mkwe atakuja kukaa mkekani, na huwezi kumfukuza kwake. Nendeni wawili: mmoja amhoji huyo mama mkwe dodoso fupi la malezi upande wa pili wa nyumba.

Maswali yenyewe ndiyo yanayoharibiwa zaidi. Ada ziliondolewa kwenye vituo vya serikali 2001, ukiacha wodi za kulipia za hospitali, kwa hiyo ukiuliza "Ulilipa?" utajibiwa hapana, na wizara itafurahi. Uliza "Ulikwenda na nini, na ukiwa pale ulitumwa kununua nini?" Hapo ndipo zinapotoka glavu, pamba, wembe, kavera (plastiki) ya kutandika kitandani, na ile shilingi ya "chai". Ukiishia kwenye swali la kwanza, umeandika kwamba alijifungua bure.

Ndivyo ilivyo pia kwa heshima. "Ulitendewa kwa heshima?" ni swali la kumtaka mama atoe hukumu juu ya nesi anayekutana naye sokoni. Anza kwa kumwachia njia: "Hebu nieleze tangu uchungu ulipoanza." Nyamaza. Akisita, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kuongeza neno. Wasaidizi wengi hawafiki tatu. Halafu ndipo uingie kwenye matendo, moja moja: kuna aliyekupiga? Kuna aliyekufokea? Nani alikuwepo mtoto anatoka? Walikuomba ruhusa kabla ya kukukata kukuongezea njia? Ulizuiwa kuondoka kwa sababu ya deni? Kila jibu la ndiyo lifuatwe na "ikawaje?", maana ndiyo tupu haichambuliki.

Kunakili sauti kuwa maandishi: saa 1 ya sauti hula saa 4 hadi 6, na tafsiri juu yake. Nakili kwanza kwa lugha ya mama. Wasaidizi wenye adabu nyingi husafisha matusi wakitafsiri, na tusi lenyewe ndilo data.

Ila hata mahojiano ya nyumbani siyaamini yote. Kufikia wiki ya nane mama ameshasimulia habari yake kwa dada, jirani na wenzake wa foleni ya chanjo, na kila msimulizi huokota kitu njiani. Orodha ya matendo nayo humkumbusha mtu, lakini pia humfundisha kinachotarajiwa. Ile asilimia 28 yaweza kuwa karibu zaidi na ukweli. Sithubutu kuiita ukweli wenyewe.

Na kuna kofi. Mama anasema musawo alimzaba kofi la paja kwa sababu aliacha kusukuma, kisha anaongeza: "Ndiye aliyeniokolea mtoto." Tamko la Shirika la Afya Duniani la 2014 halina kigugumizi: kupigwa ni unyanyasaji. Yeye anashukuru, tena kwa dhati. Nikihesabu kofi peke yake nimemnyang'anya mama neno lake; nikihesabu shukrani peke yake nimempa musawo kibali cha kofi lijalo. Vitabu vya mbinu hulipita hili kwa aya moja. Mimi naweka safu mbili, lililotendeka na alivyolipokea, wala sizijumlishi. Wahariri wa majarida huomba namba moja. Nawapa ya matendo, na maneno ya mama nayaacha palepale chini ya jedwali, hata wakisema yanavuruga.