"Ameuza Milioni"? Dhana Potofu Kuhusu Mauzo ya Albamu na Zile Fremu za Ukutani

Miaka ya mwanzo ya 2000 nilikuwa nauza kaseti kwenye kibanda cha mtu Kariakoo. Mteja asiyejua anachotaka alikuwa na swali moja: "Ipi inatoka sana siku hizi?" Bosi hakuwahi kufungua daftari kujibu swali hilo. Aliinama, akachungulia chini ya meza boksi lipi halijapungua, kisha akainuka na kaseti mkononi. "Hii hapa, kaka. Hii ndiyo inatoka, na zimebaki chache." Boksi lenyewe lilikuwa limejaa, nimelikanyagia miguu.

Nimemkumbuka wiki hii baada ya picha ya fremu ya platinamu, ile santuri inayong'aa anayopewa msanii kwa mauzo makubwa, kuzunguka kwenye magrupu yetu. Huyu kaandika msanii kauza albamu milioni moja, yule kasema milioni mbili, wa tatu katia neno "rasmi" ili tusibishane. Basi tubishane kidogo.

Dhana: Kushika namba moja Billboard na kupata platinamu ni kitu kimoja

Hayo ni madaftari mawili tofauti. Chati ya Billboard ni ya jarida la muziki la Marekani, nayo inapanga albamu kwa wiki: nani kamzidi nani kuanzia Ijumaa hadi Alhamisi. Takwimu zake zinatoka kwa kampuni ya Luminate, ile iliyoanza kwa jina la SoundScan. Cheti cha dhahabu au platinamu kinatolewa na RIAA, chama cha kampuni za kurekodi za Marekani kilichoundwa mwaka 1952. Cheti hakishindanishi mtu na mtu wala hakina muda wa mwisho. Albamu inaweza kujikusanyia taratibu kwa miaka ishirini bila kuikaribia namba moja, na fremu ikaja.

Tofauti hiyo ilionekana waziwazi Julai 2013. Samsung ilinunua nakala milioni moja za albamu mpya ya rapa Jay-Z kwa dola 5 kila moja, ikazigawa bure kwa wenye simu zake kupitia programu maalumu. RIAA ilirekebisha kanuni yake ya kusubiri siku 30 kwa mauzo ya kidijitali, na albamu ikawa platinamu papo hapo. Billboard ikakataa kuzihesabu zile milioni, kwa hoja kwamba msikilizaji hakutoa hata senti. Kwenye chati wiki ile ya kwanza iliandikiwa nakala takriban 528,000. Albamu ni ileile, wiki ni ileile, na hakuna kati ya wale wawili aliyesema uongo.

Dhana: Zamani ndiyo hesabu zilikuwa za kweli, strimu (kusikiliza mtandaoni bila kununua) ndizo zilizoharibu

Hii huwa naisikia kwa watu wa rika langu, na ndiyo inayonichekesha kuliko zote.

Hadi mwaka 1991, chati ya albamu kubwa kuliko zote duniani ilitengenezwa kwa simu. Mtu wa Billboard alipiga kwenye maduka ya muziki akauliza zipi zinatoka, na mfanyakazi wa duka akajibu. Hakutaja kwamba wameuza nakala 43 za hii na 17 za ile. Alitaja mpangilio tu: ya kwanza hii, ya pili hii. Mwenye duka aliyejaza mzigo wa albamu fulani alikuwa na kila sababu ya kuipandisha. Kampuni za muziki nazo zilijua jinsi ya kumfurahisha kijana wa kaunta kwa zawadi na tiketi za maonyesho. Kwa maneno mengine, kulikuwa na mabosi wangu wengi, ila wao walikuwa na simu ya mezani.

SoundScan ilianza kukusanya takwimu Machi 1991, na Billboard ikazitumia kwa mara ya kwanza kwenye chati ya albamu ya tarehe 25 Mei mwaka huo. Kilichobadilika ni kitu kidogo sana: msimbopau, ile mistari myeusi na myeupe nyuma ya kasha. CD ikipitishwa kwenye mashine ya kaunta, mlio unasikika, na mauzo yanaingia kwenye kompyuta. Maduka ambayo hayakuunganishwa yalikadiriwa kwa kuyapa uzito yale yanayofanana nayo, kwa hiyo hata hapo haikuwa hesabu ya kila nakala. Lakini sasa aliyekuwa anasema ni mashine.

Matokeo yake yalitikisa ofisi nyingi. Muziki wa country na wa rap, ambao vijana wa kaunta walizoea kuusukuma chini, ukapanda ghafla. Juni 1991 albamu ya pili ya kundi la N.W.A. iliingia ikiwa namba mbili, na wiki iliyofuata ikawa namba moja, tena bila redio kuibeba. Septemba mwaka huohuo "Ropin' the Wind" ya Garth Brooks ikawa albamu ya kwanza ya country kuingia moja kwa moja namba moja. Kabla ya mashine, albamu zilizowahi kuingia moja kwa moja namba moja zilikuwa sita tu katika historia yote ya chati hiyo, ya kwanza ikiwa ya Elton John mwaka 1975. Baada ya mashine likawa jambo la kawaida, maana mashabiki tangu zamani walikuwa wakinunua wiki ya kwanza. Simu ndiyo haikuwa inaona.

Dhana: Platinamu maana yake watu milioni moja wameinunua

Hapa kuna makosa manne ndani ya sentensi moja.

Kosa la kwanza ni neno "milioni". Milioni ni ya Marekani: dhahabu 500,000, platinamu 1,000,000, almasi 10,000,000. Ukivuka kwenda Uingereza, albamu inapata fedha kwa 60,000, dhahabu kwa 100,000 na platinamu kwa 300,000. Ufaransa platinamu ni 100,000 na almasi 500,000. Kila nchi inapima kwa ukubwa wa soko lake. Kwa hiyo tunaposoma kwamba "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms wa Mombasa ilipewa platinamu Kenya miaka ya 1980, mauzo yanayotajwa ni zaidi ya nakala 200,000, na kwa soko lile hayo ni mauzo mazito kuliko milioni ya Mmarekani. Hata Marekani kwenyewe kipimo kimehama. Mwaka 1958 RIAA ilipoanza, dhahabu ilipimwa kwa fedha: mauzo ya dola milioni moja kwa bei ya kiwandani. Bei zikapanda, dhahabu ikawa rahisi, ndipo mwaka 1975 wakaongeza sharti la nakala 500,000, na mwaka 1976 wakaleta platinamu.

Kosa la pili ni "wameinunua". Kwa miongo mingi kilichohesabiwa ni nakala zilizotoka kwa kampuni kwenda madukani, zikitolewa zilizorudishwa. Na maduka ya Marekani yalikuwa na haki ya kurudisha. Mwaka 1978 wanachama wanne wa kundi la rock la Kiss walitoa kila mmoja albamu yake siku moja, mzigo ukamwagwa madukani kwa mamilioni, zote nne zikapewa platinamu, kisha maboksi yakaanza kurudi. Wenye biashara hiyo wakawa na utani wao: imekwenda platinamu, imerudi platinamu mbili. Ile ya pili ni kwa sababu nakala bandia nazo zilirudishwa pamoja na halali.

Sisi tunaifahamu vizuri hali hiyo. Tanzania ilipoleta stempu za kodi za TRA kwenye kaseti, CD na DVD za muziki na filamu mwaka 2013, wengi walidhani sasa mauzo ya msanii yatajulikana. Stempu inabandikwa kabla mzigo haujatoka. Inaweza kukwambia nakala ngapi zimeandaliwa, haikwambii ngapi zimelala chini ya meza ya bosi.

Kosa la tatu ni "watu". Albamu yenye CD au santuri mbili inaweza kuhesabiwa mara mbili kwa RIAA. "The Wall" ya Pink Floyd ina platinamu 23, lakini ni santuri mbili ndani ya kasha moja. Makasha yaliyotoka ni milioni 11 na nusu.

La nne ni kubwa kwa zama hizi. Tangu Februari 2016, RIAA inahesabu strimu 1,500 za nyimbo za albamu kuwa sawa na albamu moja iliyouzwa, na nyimbo 10 zilizonunuliwa mojamoja kuwa albamu moja vilevile. Wimbo mmoja uliovuma sana, ukifikisha strimu milioni 750, unaipatia albamu yake dhahabu peke yake, hata kama nyimbo nyingine kumi na tatu hakuna aliyezifungua. Billboard ina hesabu zake nyingine. Mwaka 2018 ilianza kutofautisha msikilizaji anayelipia na yule anayesikiliza bure kwa matangazo: strimu 1,250 za kulipia zikawa albamu moja, na za bure zikahitajika 3,750.

Sisemi ni wizi. Mtu aliyenunua kaseti mwaka 2002 akaisikiliza mpaka utepe ukakatika alihesabiwa mara moja, sawa na aliyeinunua akaisahau kwenye gari. Strimu angalau inajua nani anarudia. Ila usiniambie strimu bilioni moja na nusu ni "watu milioni moja walioingia dukani".

Dhana: Mauzo yakifika, cheti kinakuja chenyewe

Marekani hakiji mpaka kiombwe. Lebo, yaani kampuni ya kurekodi, ndiyo inayopeleka maombi, inalipa ada, hesabu zinapitiwa na wakaguzi wa nje, kisha tangazo linatoka. Isipoomba, albamu inabaki na cheti cha zamani hata ikiuza mara tatu zaidi.

Angalia mkusanyiko wa nyimbo bora za Eagles wa mwaka 1976, ambao ndio uliopata platinamu ya kwanza kabisa ya albamu. Mwaka 2006 ulikuwa na platinamu 29. Kwa miaka kumi na miwili kimya. Agosti 2018 ukaruka siku moja hadi 38, ukaipita "Thriller" ya Michael Jackson iliyokuwa na 33, na vichwa vya habari vikasoma kama vile kuna mbio zimemalizika asubuhi ile. Hakuna mbio. Kuna mtu aliomba hesabu zifanywe upya, na strimu nazo zikawa zimeshaingia kwenye kanuni.

Uingereza waliachana na utaratibu wa kuomba. Tangu Julai 2013 cheti kinatoka chenyewe takwimu za mauzo zikigonga kiwango.

Dhana: Strimu zetu za Dar na Nairobi zinampa msanii platinamu ya Marekani

Hazimpi. RIAA inahesabu zilizosikilizwa Marekani tu. Kampeni za kuacha simu ikicheza usiku kucha "ili apate platinamu" zinakula bando lako bure, ingawa mtani wangu wa Diaspora kule Ohio anaweza kusaidia kidogo.

Tukiwa hapo, ile kitufe ya YouTube iliyowekwa kwenye fremu si cheti cha mauzo. Ya fedha ni wafuasi 100,000 wa chaneli, ya dhahabu milioni moja, ya almasi milioni 10. Ni heshima, lakini inahesabu waliobonyeza kujiunga, na majina kufanana na ya RIAA ndiko kunakochanganya watu. Na kwetu sisi ambao nyota wetu anaitwa Diamond Platnumz, tumechanganyikiwa tangu kwenye jina.

Dhana: "Thriller" imethibitishwa kuuza milioni 100 duniani

Kilichothibitishwa kwa cheti ni platinamu 34 za Marekani, za mwaka 2021. Idadi za dunia nzima zinazotajwa zinatofautiana kutoka milioni sitini na kitu hadi zaidi ya mia moja, kwa sababu ni makadirio: vyeti vya nchi moja moja, taarifa za kampuni yenyewe, na pengo kubwa mahali ambapo kaunta haikuwa na mashine. Kaseti za "Thriller" zilizorudufiwa mitaani kwetu miaka ya themanini hazimo kwenye daftari lolote.

Dhana: Mwenye fremu ana hela

Kundi la TLC liliomba kutangazwa kufilisika mwaka 1995, wakati "CrazySexyCool" imeshauza mamilioni. Mwaka uliofuata wakapewa almasi. Mkataba ndio unaogawa fedha, na gharama za studio, video na matangazo hukatwa kwenye fungu la msanii kwanza. Wasanii wetu waliouza masta, yaani rekodi yenyewe ya asili, kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja hawahitaji maelezo marefu hapa.

Na ile santuri inayong'aa ndani ya fremu? Mwanzo wake ni Februari 1942, pale RCA Victor ilipochukua bamba la chuma la kuchapia santuri, ikalipulizia rangi ya dhahabu na kumkabidhi Glenn Miller kwa "Chattanooga Choo Choo", iliyouza nakala milioni 1.2. Ilikuwa tangazo la kampuni, na RIAA haikuwapo bado. Baadaye watengenezaji wa fremu walizoea kupaka rangi santuri yoyote iliyobaki ghalani na kubandika karatasi sahihi ya jina katikati. Siku ukiona picha nzuri ya fremu ya zamani, ikuze kwenye simu uhesabu zile nafasi laini zinazotenganisha nyimbo juu ya santuri. Unaweza kukuta karatasi ya katikati imeandika nyimbo tano, na santuri inaonyesha nne. Ndani ya dhahabu ile kuna msanii mwingine kabisa.