Senario ni nini katika usanifu unaomlenga mtumiaji?

Senario ni kisa kifupi cha mtu mmoja anayetaka kutimiza jambo fulani, mahali fulani, kwa vifaa alivyo navyo. Huandikwa kabla ya kuchora hata skrini moja ya programu.

Tuseme mnatengeneza programu ya simu ya kuandika madeni kwa wauza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wa soko la Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo. "Mtumiaji anafungua programu, anaandika deni, anahifadhi" si senario. Ni orodha ya hatua, na msanifu hapati kitu humo.

Andikeni hivi: saa kumi na moja jioni mama anapima sambaza, mikono imelowa. Mteja anachukua za faranga elfu kumi, anatoa dola mbili, zinazobaki atalipa Jumamosi. Wawili wanangoja nyuma yake. Simu imefungwa kwenye kitenge, chaji inakaribia kwisha.

Sasa maswali yanakuja yenyewe. Kwa mikono hiyo ataandika saa ngapi? Dola zihesabiwe kwa bei ya leo au ya Jumamosi? Na mdaiwa aandikwe nani? Mama anamjua kama Baba Amani, basi. Programu ikidai majina matatu kama ya kadi ya mpiga kura, mama atarudi kwenye daftari lake siku hiyo hiyo.

Mary Beth Rosson na John Carroll, watafiti wa Marekani, wanapanga kazi hii kwa ngazi: kwanza kisa cha leo, programu ikiwa haipo, kisha kazi ileile ikiwa na programu, bila kutaja kitufe chochote, halafu mama anaona nini, mwisho anabonyeza nini. Wengi huruka ngazi ya kwanza, na ndiyo inayoumiza, kwa sababu bila hiyo hamjui daftari lilikuwa linamfaa kwa lipi.

Kosa lingine ni kisa ambamo mtandao haukatiki na kila mteja ni mwaminifu. Visa vitatu hadi vitano vinatosha kuanzia, lakini kimoja kiwe cha mambo kuharibika: simu imezimika, au mdaiwa anakana deni.

Kisha rudini sokoni mkawasomee wauzaji wenyewe visa hivyo, asubuhi kabla wateja hawajajaa. Msiulize kama wamevipenda, maana kwa heshima watasema ndiyo. Ulizeni: "Mama, hapa tumekosea wapi?"