Ulowanaji: umbo la uso linavyoamua tone liende wapi

Ulowanaji ni kiasi ambacho kimiminika hutandaa juu ya kitu kigumu. Hupimwa kwa pembe ya mguso, yaani pembe kati ya uso wa kitu na ukingo wa tone, ikipimwa kwa upande wa ndani ya maji. Kwenye kioo kisafi maji hutandaa na pembe hukaribia nyuzi 0. Pembe ikizidi 90, uso wa kitu husika unayakataa maji. Ikizidi 150, tone hubaki karibu duara kamili.

Mwaka 1805 mwanasayansi Mwingereza Thomas Young alieleza kuwa pembe hiyo hutokana na mivutano inayokutana pale kitu kigumu, kimiminika na hewa vinapogusana. Ukiishia hapo utadhani kazi yote ni ya kemikali. La hasha. Uso laini, hata ukipakwa dawa bora ya kufukuza maji, huishia kwenye nyuzi 120 hivi. Zinazozidi hapo huletwa na umbo.

Tazama jani la gimbi baada ya mvua: maji hubingirika kama shanga na kuacha jani kavu. Jani hilo lina vinundu visivyoonekana kwa macho, vilivyofunikwa na chembe za nta ndogo zaidi, ambazo hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita. Hewa hunaswa katikati, tone likakalia ncha tu. Hesabu za hali hiyo ziliandikwa na wanasayansi Cassie na Baxter mwaka 1944. Lakini ukwaruzo kama huo ukiwa kwenye kitu kinachopenda maji, mambo hugeuka, maji yakatandaa zaidi. Hilo mwanasayansi mwingine, Wenzel, alikuwa amelionyesha mwaka 1936.

Kwangu mimi, uhondo wenyewe uko kwenye kuchagua upande. Mwaka 2010 mtafiti Evelyn Wang na wenzake wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walichonga nguzo nyembamba kuliko unywele kwa silikoni, ile inayotengenezea chipu za kompyuta, wakazipaka dhahabu upande mmoja. Utando wa dhahabu ukazivuta, zikainama. Tone lilipodondoshwa lilitandaa kuelekea zilikoinamia, upande wa pili likagoma. Sababu ni kwamba maji husonga pale tu ukingo wake unapoifikia nguzo inayofuata, na mwinamo huo huurahisisha mguso upande mmoja na kuuzuia upande mwingine.

Ufundi huu unafaa kupoza vifaa vya elektroniki na kuelekeza matone kwenye vipimo vya maabara bila pampu. Kikwazo kikubwa ni uimara: nguzo ndogo hivyo huvunjika zikisuguliwa, na kwenye nyuso zinazonasa hewa, mafuta yakijaa katikati ya vinundu, hewa hutoka na tone hunasa.