Usimsifie fundi kabla hujamwaga ndoo: dhana potofu kuhusu kazi ya bafu

Siku fundi alipotukabidhi bafu letu hapa Uyole, Mbeya, alilipangusa kwa tambara kavu mpaka tailizi zikaonyesha sura zetu. Mke wangu akapiga picha, mimi nikamalizia hela iliyobaki. Hiyo ilikuwa Oktoba. Kufikia Machi, rangi ya ukuta wa chumbani, upande wa pili wa shawa, ilikuwa imevimba kama andazi. Ukiibonyeza kwa kidole inabaki shimo. Tukabomoa, tukaanza upya na fundi mwingine. Safari hii nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa nikiangalia kila hatua, na ndipo nikajua kwamba vigezo vyangu vyote vya kumpima fundi vilikuwa vya kupimia picha.

"Tailizi zikipangika vizuri, maji hayapiti"

Hii ndiyo iliyonila hela. Uso wa tailizi haupitishi maji, kweli, lakini grauti ya saruji inayojaza katikati inakunywa. Kila mkioga, maji kidogo yanazama, na kesho mengine. Kinachoyazuia ni dawa ambayo mafundi wanaiita wotapurufu, inayopakwa juu ya plasta kabla tailizi moja haijabandikwa. Hupakwa mara mbili au zaidi, sakafu nzima, na kwenye shawa inapanda ukutani mpaka juu ya kichwa cha shawa. Kwenye kona, pale ukuta unapokutana na sakafu, na kuzunguka tundu la maji, huwekwa utepe wa kitambaa ndani ya dawa hiyo hiyo, kwa sababu hapo ndipo nyufa huanzia.

Kwetu huku jambo hili ni zito zaidi, maana nyumba nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe zimejengwa kwa matofali ya kuchoma. Tofali la kuchoma hunyonya maji na kuyasogeza kwa jirani yake, hivyo doa linatokea mita nzima kutoka mahali penye kosa. Wewe unalaumu paa, kumbe ni bafu.

Kipimo chake hakihitaji utaalamu. Ziba tundu la sakafu, jaza maji kina cha sentimita 2 au 3, piga mstari wa penseli ukutani pale maji yalipofikia, funga mlango, rudi baada ya saa 24. Maji yakishuka zaidi ya yale machache yanayopotea kwa hewa, kuna mahali yanatorokea. Fanya hivyo kabla ya tailizi, siyo baada. Fundi wangu wa kwanza hakupaka dawa kabisa, lakini nikisema ukweli wote, hata mimi sikumnunulia. Nilimpa orodha ya tailizi, saruji na grauti nyeupe, naye akafanya kazi ya vitu nilivyomletea.

"Sakafu nzuri ni ile iliyonyooka kama meza"

Sebuleni, sawa. Bafuni, sakafu iliyonyooka ni dimbwi. Eneo la shawa linatakiwa lishuke kama sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Mwaga ndoo moja, kaa dakika kumi, angalia kama kuna maji yaliyobaki kwenye kona. Ukiona fundi anataka kuweka tailizi za 60 kwa 60 nzima nzima kuzunguka tundu lililo katikati, muulize mteremko utatoka wapi: tailizi kubwa haikunjiki, lazima aikate kwa mshazari au atumie ndogo.

"Shoti kidogo kwenye shawa ya moto ni kawaida, vaa ndala"

Nimeisikia kwa watu wazima wenye akili zao. Baridi ya Juni na Julai inatufanya tuivumilie shawa ya umeme kama mkwe mkorofi: inauma, lakini bila yeye nyumba haiendi. Ile hali ya vidole kusisimka ukigusa koki ni umeme unaovuja ukitafuta njia ya kwenda ardhini, na njia ya karibu ni mwili wako uliolowa. Siyo kawaida hata kidogo. Leo imesisimua, kesho inaua. Zima kwenye bodi na usiitumie mpaka iangaliwe.

Hapa maji kuwa ya moto hakuonyeshi kwamba kazi ni nzuri, kwa sababu shawa isiyo na waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, inachemsha maji sawasawa na ile yenye nao. Mwambie fundi afungue kifuniko mbele yako akuonyeshe ule waya wa kijani na njano umefungwa mahali pake, halafu akuonyeshe unakoishia: fimbo iliyozamishwa ardhini. Kwenye ardhi kavu yenye mawe, kama vilima vingi vya Iringa, fimbo fupi hushika vibaya, na inabidi ipimwe kwa mashine, siyo kwa macho. Juu ya hapo pawe na breka ya kukata umeme unapovuja, ile ya miliampea 30, yenye kitufe cha kujaribia. Kibonyeze. Isipokata, haifanyi kazi.

Kisha unene wa waya. Shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 230 inavuta karibu ampea 24. Ukiiunganisha kwenye waya wa soketi za chumbani, waya unachemka ndani ya ukuta pamoja na maji yako. Fundi makini huvuta waya wa milimita za mraba 4 au 6 kutoka kwenye bodi, wenye breka yake peke yake. Kazi hii mpe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Fundi tailizi anayesema "hata hiyo naweza, bosi" mshukuru, mpe soda, umwite mwingine.

"Gonga kwa sarafu, ikilia debe, kazi mbovu"

Nusu yake ni kweli. Mlio mtupu unaonyesha pana uwazi chini ya tailizi, na uwazi ukiwa pembeni au kwenye kona ya tailizi, siku moja kitu kizito kitaanguka na ipasuke. Lakini tailizi iliyowekwa juu ya plasta ya zamani inaweza kulia tofauti bila kosa lolote, na ile inayolia vizuri leo inaweza kubanduka baada ya mwaka. Afadhali kumwomba fundi, akiwa bado anaendelea, abandue tailizi moja aliyoiweka sasa hivi. Geuza mgongo wake. Sehemu za maji, gundi inatakiwa iwe imeshika karibu mgongo mzima, angalau asilimia 95. Mgongo wa ile ya bafu letu la kwanza, tulipobomoa, ulikuwa na madonge matano ya saruji: manne kwenye kona, moja katikati, na mapito ya maji kati yao.

Na lile la kulowesha tailizi kwenye ndoo kabla ya kubandika? Linafaa kwa tailizi za ukutani zinazokunywa maji, zikibandikwa kwa saruji ya kawaida. Zile ngumu za poseleni hunywa maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, kwa hiyo kuzilowesha hakuleti kitu, na saruji tupu haizishiki vizuri. Hizo zinataka gundi ya tailizi na mwiko wa meno. Fundi asiyekuwa na mwiko wa meno kwenye mfuko wake ameshakujibu mengi.

"Fundi mzuri anamaliza kwa siku mbili"

Saruji haikauki kama nguo. Inashika kwa kuungana na maji, na kazi hiyo hupungua kasi kukiwa na baridi. Usiku wa Julai Mbeya hushuka chini ya nyuzijoto 10, kwa hiyo muda ulioandikwa kwenye mfuko wa gundi, ambao kwa kawaida umepimwa kwenye joto la kama nyuzi 20 na zaidi, hautoshi. Anayebandika asubuhi na kujaza grauti jioni hiyo hiyo anakimbilia saiti nyingine.

"Choo cha ndani lazima kinuke"

Hapana. Kila sinki, kila tundu la sakafu na kila choo kinatakiwa kiwe na mkunjo unaobakiza maji, ule ambao mafundi wanauita trapu. Maji hayo ndiyo mlango unaozuia hewa ya chemba. Bafu la wageni lisilotumika mwezi mzima maji yake hukauka. Mwagia kikombe, harufu inakwisha. Ikiwa harufu inakuja kila unapovuta maji ya choo, na sinki linagugumia, basi choo kinanyonya maji ya trapu za wenzake kwa sababu bomba la kutolea hewa halipo au limeziba. Dawa ya harufu ya madukani haitibu bomba.

"Maji hayana nguvu, fundi bomba ameharibu"

Pengine umemwonea. Kila mita 10 za urefu hutoa presha ya takriban bar 1. Tenki lililo mita 3 juu ya shawa linatoa 0.3, na shawa nyingi za umeme kwa presha hiyo zinasuasua.

"Mbane hela zote hadi amalize"

Fundi asiye na hela ya kula ataenda mahali penye hela ya kula, na bafu lako litabaki limefumuliwa. Mara ya pili tuligawanya: sehemu baada ya mabomba kujazwa maji kwa presha na kukutwa hayavuji kabla ya plasta, sehemu baada ya ule mstari wa penseli kukutwa palepale, sehemu baada ya tailizi, na kiasi kidogo baada ya sisi kuoga humo wiki nzima. Siku ya nne ya wiki hiyo kiungio cha koki ya sinki kilianza kudondosha. Fundi alikuja jioni na utepe mweupe wa kufungia nyuzi, akafungua, akazungusha, akakaza, dakika tano. Akanywa chai, akachukua hela yake, akawahi daladala ya Mwanjelwa.