Je, wajua kwa nini moyo mgonjwa unaweza kuhimili mwendo wa kasi?

Mkazi wa Nakuru aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, na ambaye nyumba yake iko kwenye mteremko wa Menengai, hulazimika kuamua kila anapotoka kwenda kutembea: apande kilima hadi ahemewe, au ateremke mjini afuate barabara tambarare? Zamani wengi wangemwambia ateremke.

Mwaka 2007, watafiti wa Trondheim, Norwei, walichapisha jaribio la wagonjwa 27 waliokuwa na mioyo dhaifu baada ya mshtuko. Kundi moja lilitembea mfululizo kwa mwendo wa wastani. Jingine lilipanda mwinuko kwenye mashine kwa dakika nne, mapigo yakikaribia asilimia 95 ya kiwango cha juu kabisa, kisha likatembea polepole kwa dakika tatu, na kurudia hivyo mara nne. Baada ya wiki 12, uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulikuwa umepanda kwa asilimia 46 katika kundi la kasi, na kwa asilimia 14 katika lile la wastani. Siri iko katika zile dakika tatu: miguu hupata nafuu kabla haijachoka kabisa, na hivyo moyo hupata muda mrefu zaidi wa kusukuma damu kwa nguvu kuliko ambavyo mgonjwa angeweza kustahimili kwa mkupuo mmoja.

Hata hivyo, jaribio kubwa zaidi la wagonjwa 261 barani Ulaya, lililotolewa mwaka 2017, halikuona kasi ikiushinda mwendo wa wastani. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba wengi wa kundi la wastani walizidisha bidii, huku nusu ya kundi la kasi wakishindwa kufikia kiwango walichopangiwa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye uzito wa suala hili, kwa sababu kiwango kilichoandikwa karatasini si lazima kiwe ndicho mwili unachofanya.

Kuhesabu mapigo nako kunaweza kupotosha. Anayemeza dawa za kupunguza mapigo ya moyo, kama atenolol au bisoprolol, atakuta mapigo yako chini hata akiwa ametaabika. Isitoshe, Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na Kisumu mita 1,130 hivi, na kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi, mgeni aliyetoka Kisumu juzi atahema zaidi kwa mwendo uleule. Kipimo rahisi ni mazungumzo: ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, huo ni mwendo wa wastani, ukitoa maneno mawili matatu kisha ukavuta pumzi, umeingia kwenye kasi.

Wagonjwa wa majaribio hayo walikuwa wamepimwa na hali zao zimetulia, kwa hiyo kilima kisubiri ruhusa ya daktari. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au mapigo yanayorukaruka yakitokea, mazoezi husimama papo hapo, na maumivu yasipotulia baada ya kupumzika, mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia.