Uchungu wa Fernet si Dawa

Fernet-Branca, ile pombe chungu ya Kiitaliano ya mitishamba, ni pombe. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kulirudia kaunta kwa mgeni mmoja baada ya mwingine. Hapa Malindi Waitaliano wamekaa miaka mingi, na mikahawa yao imetufundisha sisi wa baa sehemu kubwa ya kazi yetu. Lakini ile chupa yenye nembo ya tai juu ya dunia imepata sifa isiyo yake: "Hiyo ni dawa ya tumbo tu, hailevyi." Juzi nimelisikia tena, kutoka kwa dereva aliyekuwa na abiria wa kuwapeleka Mombasa usiku ule ule. Bia alikuwa ameikataa kwa heshima zote. Baada ya chakula akaomba toti mbili za "dawa". Nilimwambia, kaka, kwa hiyo safari nitakupa chai ya tangawizi.

Hesabu yake ni fupi. Fernet-Branca ya Milano ina kileo asilimia 39. Konyagi ina 35. Mililita 50 za Fernet zina kileo tupu kinachokaribia mililita 20, sawa na nusu lita ya bia ya asilimia 4, ila bia mtu huinywa taratibu na hii anaimeza kwa mkupuo. Tena wapo wageni wasiogusa pombe kwa ajili ya dini yao. Kumwambia mtu kama huyo kwamba ni mitishamba tu ni kumdhulumu, na nimewaona wahudumu wakifanya hivyo huku wakitabasamu.

Imani hii haikuzaliwa pwani. Wauzaji wenyewe ndio walioipanda. Bernardino Branca alianza kuiuza Milano mwaka 1845, enzi ambazo kipindupindu kiliwatisha watu Ulaya nzima, na matangazo yake yaliisifu kama tiba. Akatajwa hata daktari mmoja wa Uswidi aitwaye Fernet kuwa ndiye mwenye fomula, daktari ambaye leo anahesabiwa kuwa wa kubuni. Marekani ilipopiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, Fernet iliendelea kuuzwa kwenye maduka ya dawa. Ilipitia mlango wa mgonjwa wakati baa zimefungwa. Kiwanda kipo Milano hadi leo, mtaa wa Via Resegone, na biashara bado ni ya ukoo wa Branca.

Mitishamba nayo inaupa uvumi huu miguu ya kusimamia. Kampuni inasema ni aina 27, na fomula kamili ni siri, kwa hiyo hiyo 27 mimi naipokea kama neno la muuzaji. Zinazotajwa wazi ni pamoja na shubiri, manemane, zafarani, mdalasini, khulinjani, kamomili, mzizi wa rubarbu, mzizi wa jentiana kutoka milima ya Ulaya, na gome la mti wa kwinini. Mtu wa pwani akisikia shubiri na manemane, mawazo yake yanamkimbilia bibi yake au mganga. Kwetu uchungu na tiba ni ndugu tangu utotoni: mwarobaini, kwinini, shubiri. Naelewa kabisa. Lakini ulimi hautofautishi kichungu kinachoponya na kichungu kinachoua. Unachofanya ni kukuonya, basi.

Na tumbo? Hapa nitasema ninavyoona, hata kama vitabu vya baa vinapenda kulipita suala hili haraka. Ladha chungu huleta mate, hilo kila mtu analihisi. Mimi mwenyewe nikila pilau na nyama ya mafuta kisha nikanywa kidogo, nahisi kifua kimeachia. Ila nina shaka kubwa kwamba ni mitishamba inayofanya kazi hiyo. Nashuku zaidi ule ubaridi wa mnanaa, joto la kileo, na ile dakika kumi ya kukaa bila kuongeza chakula. Mwaka 2010 watafiti wa Zurich walichapisha jaribio lao: watu 20 walilishwa fondyu, ile jibini ya Waswisi iliyoyeyushwa, wengine kwa mvinyo, wengine kwa chai, na baadaye toti ya pombe kali au maji. Kileo kilichelewesha tumbo kumwaga chakula, na kadiri kilivyozidi ndivyo ucheleweshaji ulivyozidi. Wao hawakutumia Fernet, lakini kileo ni kile kile. Anayesema toti hii "inasaga chakula" analo deni la kunieleza inasaga vipi.

Jambo jingine niliseme upesi: chungu haimaanishi haina sukari. Averna na Montenegro, pombe nyingine chungu za Italia, ni tamu waziwazi, na sheria ya Umoja wa Ulaya inataka likeri, yaani pombe kali iliyotiwa sukari, kwa kawaida iwe na angalau gramu 100 za sukari kwa lita. Mwenye kisukari asimsikilize rafiki anayemwambia ni majani tu.

Sasa tuje kwenye kinachoniuma zaidi, maana uvumi wa dawa unawanyima watu ladha yenyewe. Mtu akiamini anameza dawa, anafumba macho, anakunja uso, anaimaliza. Hajaionja. Mimina kidogo kwenye glasi ndogo, bila barafu kwanza, uinuse. Utapata mnanaa na kitu kama kafuri. Weka tone ulimini: utamu unatangulia, mfupi sana, halafu ubaridi unapanda puani. Nyuma yake inakuja zafarani, kavu, yenye harufu ya udongo na asali kwa mbali. Uchungu wa jentiana na shubiri unachelewa, hukaa nyuma ya ulimi, na hauondoki haraka. Mwaka mzima ndani ya mapipa ya mwaloni umeziunganisha ladha hizi zisigombane. Ukiimeza kwa mkupuo unabaki na ule uchungu wa mwisho peke yake, kisha unakwenda kutangaza kwamba Fernet ni chungu.

Na amaro, jina la Kiitaliano la pombe hizi chungu za mitishamba, si kitu kimoja. Nakasirika mtu akikosa Fernet na kumimina Campari mahali pake kwa kuwa zote ni chungu. Campari, ya Novara mwaka 1860, ni nyekundu, uchungu wake unakuja pamoja na machungwa, na Waitaliano huinywa kabla ya chakula kuamsha hamu. Averna ya Caltanissetta, Sicilia, tangu 1868, ni nzito yenye harufu ya ganda la chungwa na sukari iliyoungua. Montenegro ya Bologna, ya Stanislao Cobianchi mwaka 1885, ni laini kiasi cha kumfaa anayeanza. Cynar ya 1952 inatumia majani ya artichoki, mboga ya Ulaya, na ina asilimia 16.5 tu. Fernet yenyewe ni jina la aina, si la kampuni moja: Luxardo anatengeneza yake, Wacheki wana Fernet Stock.

Kwenye kuchanganya, Fernet inataka mkono mwepesi. Ada Coleman, aliyeongoza baa ya hoteli ya Savoy, London, mwanzoni mwa karne ya 20, alibuni kokteli ya Hanky Panky kwa ajili ya mwigizaji Charles Hawtrey: jini (gin) na vermuti tamu, yaani mvinyo uliotiwa mitishamba, sawa kwa sawa, na Fernet michirizi miwili tu. Ukizidisha, jini imezikwa.

Waargentina ndio walioniondolea woga wa kuitumia kwa wingi. Wahamiaji wa Kiitaliano waliifikisha kule, na leo Argentina inakunywa Fernet kuliko Italia yenyewe, hasa mkoa wa Córdoba, pamoja na Coca-Cola. Wataalamu wengi wa baa huudharau mchanganyiko huu. Mimi nauheshimu: soda inaleta utamu na gesi, Fernet inaleta mnanaa na uchungu, na joto la Januari hapa kwetu linaupenda. Jaza glasi ndefu barafu, mimina Fernet kiasi cha sehemu moja kwa tatu za soda. Inamisha glasi kidogo unapomimina soda, polepole, kwa sababu povu lake ni jingi na la kahawia kama la kahawa. Likituama, ongeza iliyobaki. Mimi sikorogi.