Kukimbia hakushushi kizazi

"Mwanamke akikimbia, kizazi kinashuka." Mtwara mjini maneno haya huwafuata mabinti wanaotoka alfajiri na raba zao kuelekea Shangani. Wala si hofu ya kwetu tu: Olimpiki haikuwa na marathoni ya wanawake hadi 1984.

Kizazi hakining'inii ovyo. Kimeshikwa na kano, na chini yake kuna misuli ya nyonga inayokibeba. Kinachoilegeza zaidi ni mimba na uzazi, umri, kikohozi kisichoisha, na kunyanyua vitu vizito miaka nenda rudi. (Ndoo ya lita ishirini, lakini, hakuna shangazi anayeikataza.) Aliyejifungua asubiri kama miezi mitatu, aanze kwa kutembea, akiona mkojo unamtoka au uzito sehemu za chini, aende kituo cha afya.

Wengi huanza kwa sababu ya presha, sukari au gauni lililobana. Kinachowafanya waendelee ni kingine: nusu saa ambayo hakuna anayeita "mama, chai iko wapi?" Mwili ukishapata moto, ubongo huachia kemikali zinazopunguza maumivu na kutuliza wasiwasi, na usiku usingizi huja wenyewe. Wiki za mwanzo, kusema kweli, raha hiyo haipo. Kuna kuhema na miguu kuuma tu. Kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia, na uwe umerudi nyumbani kabla jua halijakolea.